Ngozi Iliyolala Ndani ya Nta

Mliponiaga nikistaafu, pale chumbani mwetu maabara, kwa soda na keki mliyoikata kwa wembe wa mashine (mpya, natumaini), mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Nilidhani mnataka siri za rangi na nta. Nikaanza kuziorodhesha, nikachoka, kwa sababu hayo mnayajua kuliko mimi. Ninachoweza kuwaachia ni mambo yaliyonishangaza, na kosa moja ambalo sijawahi kuliandika popote. Vyeo na mishahara nitaviruka. Havikupanda kiasi cha kusimuliwa.

Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji wetu, mtoto wa fundi injini. Marehemu baba alikuwa na kitita cha vibamba vya chuma, vingine vyembamba kuliko karatasi, ambavyo alivipenyeza kwenye plagi kupima nafasi iliyopo. Alipenda kunionyesha kwamba gari zima linaweza kukataa kuwaka kwa sababu ya nafasi ambayo jicho haliioni. Alitaka nirithi gereji. Nilipokwenda kusomea maabara alininunia mwaka mzima, halafu akaanza kuwaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari. Sikuwa daktari, na nilichoka kumsahihisha.

Siku ya kwanza kazini nilipelekwa kwenye chumba cha mwisho cha korido, kile ambacho wenzangu wote waliomba wasipelekwe kwa ajili ya harufu ya formalini. Ndani alikuwapo Mzee Déo, fundi mkuu, mtu wa milimani, mrefu, na koti jeupe lenye madoa ya zambarau yaliyoshinda kila sabuni. Aliniangalia macho yangu yanavyotiririka machozi, akanipa kitambaa, akaendelea na kazi.

Kwa wale watakaosoma haya bila kuijua kazi yetu, nieleze kidogo. Daktari wa upasuaji anakata kipande cha mwili. Kinalala kwenye dawa ile ya formalini kisioze, kinatolewa maji, kinashiba nta ya moto, nta inaganda, na sasa una kitofali kidogo chenye kipande cha mtu ndani yake. Kitofali kinafungwa kwenye mashine yenye mpini. Kila unapozungusha, wembe unatoa utando mwembamba mno, ambao unaelea kwenye maji ya vuguvugu, unazolewa kwa kioo, unatiwa rangi, kisha unakwenda chini ya darubini ya daktari. Hapo ndipo mtu anaposomwa.

Siku ile ya kwanza nilipumua karibu na utando, ukaruka. Nikapumua tena, wa pili nao ukaenda. Wa tatu ulinata kwenye pua yangu. Mzee Déo hakucheka.

"We Rama," alisema, "hapa tunapumua kwa ruhusa."

Mchana akaniketisha mbele ya darubini, akaweka kioo cha ngozi ya unyayo. Sijui kama mnakumbuka mara yenu ya kwanza. Mimi nilisahau kula. Juu kabisa kulikuwa na sugu nene, ya waridi, tabaka juu ya tabaka. Chini yake seli za zambarau zilizopangwa kwa utulivu. Na katikati ya sugu ile niliona vijia vya jasho vikipanda kwa kujizungusha, kama ngazi za mnara wa msikiti, kutoka chini kabisa hadi nje. Nilikuwa nimetembea juu ya ngazi hizo tangu utoto, mamia kwa mamia chini ya kila mguu, na hakuna aliyeniambia. Nilimwuliza Mzee Déo kwa nini zinajizungusha. Akasema hajui, na kwamba ameacha kuuliza ili aweze kufanya kazi.

Alinifundisha kwa ukali. Miaka ile tulinoa visu wenyewe, kwenye jiwe kisha kwenye mkanda wa ngozi, asubuhi nzima kwa kisu kimoja. Umeme ulipokatika nta iliganda na vipande vya watu ndani, tukakaa tukiitazama. Barafu ya kupozea vitofali tuliitoa kwa wauza samaki, ndiyo maana kwa miaka mingi chumba chetu kilinuka formalini na sangala. Lakini kuna sheria moja aliyoirudia kuliko zote. Kipande cha ngozi kikiingia kwenye nta lazima kisimame kwa ukingo wake, ili wembe upite moja kwa moja kutoka juu ya ngozi hadi kwenye mafuta ya chini.

"Ngozi isimame," alisema kila siku. "Ikilala, itasema uongo, na dokteri ataandika uongo huo na kupiga muhuri."

Nilimwitikia kila siku. Alipostaafu, mimi na mafundi wachache tukabaki na mashine.

Daktari Espérance alipofika kutoka masomoni ndipo nilipoelewa sheria ile ilikuwa ya nini. Yeye ndiye aliyesoma vioo nilivyokata, na alikuwa na tabia ya kuniita nione naye, jambo ambalo madaktari wa kabla yake hawakulifanya. Alipenda sana ngozi. Aliniambia kwamba jua linaunguza ngozi ya ndugu zetu albino na kuwaletea saratani usoni na shingoni, nyingi zikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu kabla ya kusogea. Lakini kuna ile nyeusi, melanoma, ambayo kwa watu wetu hupenda kuota pale jua lisipofika: kisigino, unyayo, chini ya ukucha. Mtu anadhani amechomwa na mwiba. Anapaka majani, anachoma kwa msumari wa moto, anangoja.

"Kujua kama ni saratani, mara nyingi ni rahisi," aliniambia. "Tatizo ni kujua kama itasafiri."

Alinionyesha anavyopima. Ndani ya kioo cha darubini kuna rula ndogo mno. Anaanzia juu ya tabaka la seli hai, anashuka hadi kwenye seli mbaya iliyokwenda chini kuliko zote, anasoma kina. Milimita. Kina kikiwa kidogo, mara nyingi inatolewa na inakwisha. Kikiwa kikubwa, kuna uwezekano kwamba seli fulani imeshaingia njiani kwenda kwenye tezi za kinena, au mapafuni, au kwenye ubongo. Anatazama pia kama juu pamechimbika kidonda, na seli ngapi zinajigawa. Kwa vitu vitatu hivyo alikuwa akijaribu kusoma miaka ya mtu ambayo bado haijafika.

Nilisisimka mwili, nakiri. Baba yangu na vibamba vyake vya chuma hakuwa mbali na mama huyu.

Na bado alikuwa na unyenyekevu. Kuna baba mmoja wa Nyakabiga, mfanyabiashara aliyetoka Uvira, mwenye doa jembamba kabisa kwenye kidole gumba. Daktari aliandika kwamba hatari ni ndogo. Baada ya mwaka na nusu yule baba akarudi akikohoa, na alikuwa amekwisha. Daktari Espérance alikitoa kioo chake sandukuni, akakitazama upya kutwa nzima akitafuta alichokikosa. Hakukiona. "Kipimo kilikuwa sawa," aliniambia. "Ugonjwa wake tu haukukifuata." Kioo kile alikiweka mezani pake miaka yote, karibu na picha ya watoto wake.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nyinyi mnajua, na daktari hajui, kwamba ngozi ya kisigino ni adui wa wembe. Sugu ile ni ngumu kama tairi. Wembe unaruka, unapiga meno, utando unatoka umechanika. Wakati huo tulikuwa tumeanza kutumia nyembe za kutupa, na zilikuwa zikija chache. Basi mafundi tulijitengenezea ujanja: ukiweka kisigino kwenye nta, kilaze kidogo ubavu. Wembe unaikuta sugu kwa mshazari, unapita vizuri, na wembe mmoja unakata visigino vitatu badala ya kimoja. Nani alianza, sijui. Najua nani aliendelea. Niliona najitahidi kubana matumizi, hata nikajivunia. Mlazo ukaongezeka kidogo kidogo, hadi vipande vingine vikalala karibu chali.

Mwaka uliofuata kuungua kwa soko kuu, kilipita mikononi mwangu kisigino cha mwanamke, vipande vitatu, vitofali vitatu. Nilivilaza, nikavikata vizuri sana. Daktari Espérance aliandika kina: milimita mbili na robo tatu. Kwangu ilikuwa namba tu kwenye kitabu.

Wiki ile ile, asubuhi, mtu alibisha hodi. Alikuwa mama wa makamo, amejitanda kanga, kisigino kimefungwa bendeji, anatembelea vidole vya mguu huo.

"Salaam aleikum, mwanangu. Ni we Rama, mutoto wa marehemu Bi Asha?"

Nilimtambua hapo hapo. Ni Mama Zaina. Buyenzi nzima inamjua, kwa sababu yeye ndiye anayeosha wanawake wetu wanapofariki. Alimwosha mama yangu. Nikamvutia kiti.

"Banasema Alhamisi batakata hii muguu," alisema, bila kulia. "Hapa, juu ya kifundo. Nimekuja kukuuliza, juu we ni wa nyumbani. Iko kweli?"

Nikamjibu nilivyofundishwa kujibu: majibu yako kwa daktari, mimi ni fundi tu.

"Najua. Mi siogope kufa, mwanangu. Kufa nakujua, tunakutana kila wiki. Lakini kuosha mutu unasimama chini, kwa maji, unamugeuza huku na huku. Nikikaa kwa kiti, nani atabaosha? Hawa mabinti baliogopa hata kumushika bibi yao."

Alikaa kidogo, akaniuliza habari za mke wangu Salama, akaaga. Nilisikia hatua zake koridoni, moja nzito, moja nyepesi.

Nilifanya kitu ambacho kanuni zetu zinakataza. Nilikwenda kwenye masanduku, nikatoa vioo vyake, nikaviweka chini ya darubini. Nilitaka tu kuuona ugonjwa unaomchukua mguu mtu aliyemwosha mama yangu. Niliona seli nyeusi, ndiyo, zikishuka. Lakini kando yake nikaona kitu kingine. Zile ngazi za jasho, zinazopanda kwa kujizungusha, hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na pete. Pete ndogo za mviringo, zimetawanyika, moja hapa, moja pale.

Kata karoti moja kwa moja kwa upana, utaona unene wake wa kweli. Ikate kwa mshazari, kila kipande kinakuwa kirefu kuliko karoti ilivyo nene. Ngazi zilikuwa pete kwa sababu wembe ulizipita kwa ubavu. Na kama ngazi zilikatwa kwa ubavu, hata ile saratani ilikatwa kwa ubavu. Zile milimita mbili na robo tatu, zilizotosha kumkata mguu, zilikuwa za kwangu, si za Mama Zaina. Au sehemu yake ilikuwa yangu, na sikujua sehemu gani.

Ilikuwa Jumanne. Niliwaza vioo vyote vya visigino nilivyowahi kukata, na nikawaza nitakavyoitwa, fundi wa miaka ishirini aliyeshindwa na sheria ya siku ya kwanza. Nitasema ukweli: niliwaza pia kunyamaza. Haikuchukua muda mrefu, lakini niliwaza. Halafu nikachukua vioo, nikaenda kwa Daktari Espérance, nikamwambia kila kitu, pamoja na habari ya kubana wembe.

Alivitazama kwenye darubini. Nilingoja anifokee.

"Hizi pete," alisema mwishoni. "Nami nilipaswa kuziona, Rama. Nilikuwa na vioo arobaini siku ile. Niliona weusi, nikapima weusi." Akaniangalia. "Unaweza kuisimamisha?"

Inawezekana kuyeyusha kitofali, kutoa kipande, kukigeuza na kukigandisha upya. Lakini kipande kilishakatwa. Kilichobaki kilikuwa chembamba, na kila mzunguko wa mpini ungekipunguza. Nikikosea, hakutakuwa na nyama ya kurudia, na Mama Zaina angebaki na ile namba yangu ya uongo milele.

Niliyeyusha nta polepole. Kipande cha kwanza kilitoka kwenye nta kimejikunja. Nilikishika kwa koleo ndogo iliyopashwa moto, nikakisimamisha kwa ukingo wake, nikakishikilia hivyo hivyo mpaka nta ikashika. Vidole viliniuma. Nilimsikia Mzee Déo kana kwamba amesimama nyuma yangu. Cha pili, cha tatu, vivyo hivyo. Barafu. Kisha nikafungua wembe mpya kwa kila kitofali, mmoja kwa kimoja, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, nikazungusha mpini na sikupumua.

Sugu ilipasua utando wa kwanza. Wa pili ukatoka na mstari katikati. Wa tano ukatoka mzima, ukalala juu ya maji ukitandazika bila kunjo hata moja. Niliuangalia ukielea. Sijui niwaambieje: nimeona ziwa letu likiwa shwari, nimeona Salama akiwa bibi harusi, na utando ule uko kwenye orodha hiyo hiyo.

Daktari Espérance aliviweka chini ya darubini Jumatano asubuhi, akanisogezea kioo cha pili cha kutazamia ili tuone pamoja. Ngazi zilikuwa zimerudi. Zilisimama, zikipanda kwa kujizungusha kutoka chini hadi juu, katika vipande vyote vitatu. Na ile nyeusi ilikuwa chini ya mojawapo, fupi, imejikusanya.

Akapima. Akapima tena. Akahamia kipande cha pili, cha tatu, akarudi cha kwanza.

"Moja," alisema. "Moja na kidogo. Pote. Na juu hapana kidonda."

Nikaanza kutabasamu.

"Usifurahi sana," aliniambia, na niliona akitupa jicho kwenye kile kioo cha yule baba wa Nyakabiga. "Hii haituambii kwamba haitasafiri. Inatuambia tu kwamba bado hatuna haki ya kumkata mguu." Halafu akanyanyua simu, akamwambia daktari wa upasuaji kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa na makosa, na kwamba makosa ni ya maabara yetu. Alisema "yetu". Hakutaja jina langu, siku ile wala baadaye.

Alhamisi walimtoa Mama Zaina sehemu ya kisigino tu, kwa upana na kwa kina, wakapaziba kwa ngozi ya paja lake. Alitembea na mkongojo miezi mingi. Kila alipokuja kukaguliwa kinena alipita mlangoni kwetu, na mimi kila mara nilihesabu hatua zake koridoni kabla ya kumwona uso. Nilikiri kwake kosa langu mwaka wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"We ndiye uliweka vibaya?"

"Ni mimi, mama."

"Na we ndiye uligeuza?"

"Ni mimi."

"Ego," alisema, yaani ndiyo, akaomba maji ya kunywa. Hakulizungumzia tena.

Mafundi wote tukaacha ujanja wa kulaza. Tulivitoa sandukuni visigino vyote tulivyoweza kuvipata, wiki nyingi za kazi, Daktari akavipima upya. Vingi havikubadilika sana. Wawili tulichelewa kuwafikia, walikuwa wameshakatwa, na kwa mmoja wao kipimo kipya kilituambia huenda haikuwa lazima. Nilikwenda kwake mwenyewe kumweleza. Yaliyosemwa pale nitayaacha pale.

Siku hizi mnazungumza mambo makubwa. Mmoja wenu alinionyesha jinsi kioo kinavyopigwa picha na kutumwa ng'ambo, na mashine inavyotazama seli na kusema ni ipi itasafiri. Wengine mnasema kuna vipimo vya kusoma maandishi ya ndani kabisa ya seli, ambamo huenda safari imeshaandikwa. Ninaamini, na ninastaajabu kuliko nilivyostaajabu kijana. Ningependa kuishi nione. Naomba tu kabla ya picha kupigwa mtazame ngazi kwanza. Mkiona pete, yeyusheni.

Salama wangu alifariki mwaka jana, alfajiri, kwa moyo. Majirani walijaa uani. Wanawake wakamtuma mtu amwite Mama Zaina, ingawa sasa ni mzee na wengine walidhani hataweza. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango wa chumba. Alifika kwa miguu kutoka nyumbani kwake, peke yake. Akavua kandambili zake kizingitini, mbele yangu, na macho yangu yakashuka yenyewe kwenye kisigino. Ngozi ile ya paja bado ni nyororo na nyeupe kidogo kuliko nyingine, haikuwahi kuota sugu. Akaikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, akaingia kwa mke wangu. Nililia pale, na wakadhani nalia kwa ajili ya Salama peke yake.

Baadaye kidogo alichungulia mlangoni, mikono ya nguo ameshaikunja.

"Mwanangu, leta maji. Yasikuwe baridi."

Nikainuka, nikaleta maji.